Umeme Hauna Mjomba

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama wima, na ule mgongo uwe umekuachia nafasi ya kuinamia baiskeli za watu bila kuguna. Mkazamjomba naye hajambo? Na watoto? Mimi huku sijambo, isipokuwa magoti yamechubuka kwa kutambaa juu ya mabati, na shingo imeungua jua hadi kola ya shati ni adhabu. Chakula nakula, usingizi naupata. La afya tuliweke kando.

Tangu niondoke hatujaongea. Nilipokuja kukuaga ulikuwa unarudisha mnyororo kwenye baiskeli ya mtu, nikakwambia nimepata nafasi ya kujifunza kufunga sola majumbani. Hukuinua kichwa. Ulisema umeme hauna mjomba, ukafuta mikono, ukaingia ndani. Mkazamjomba ndiye aliyenisindikiza na kunipungia mkono wa kwaheri. Sikukasirika, maana najua maneno yale yalitoka kwenye kidonda gani. Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ungeikata kabla sijafika katikati, na jambo nililo nalo lina katikati ndefu. Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho, hata kama utaisoma kwa hasira.

Chuo chetu si jengo la kutamba nalo. Lilikuwa gereji, sakafuni bado kuna madoa ya oili ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Nyuma wamejenga paa lisilo na nyumba, yaani kenchi na mabati vimekalishwa juu ya nguzo fupi, ili anayeanguka asiende mbali. Mwalimu wetu ni mama wa makamo tunayemwita Mama Mkanda, kwa kuwa hakuna anayepanda hata ngazi ya kubadilishia balbu kabla hajafunga mkanda wa usalama mbele ya macho yake. Akishaufunga huuvuta kwa nyuma kama mtu anayekaza mzigo juu ya punda. Mmoja wetu alijigamba kwamba yeye amekulia juu ya miti. Mama Mkanda akamwambia kuwa nyani naye huteleza, ila nyani hana ndugu watakaokuja kumuuliza mwalimu wake.

Nilidhani sola ni kubandika kioo juu ya bati na kungoja jua lifanye hisani. Kumbe kazi inaanzia chini, kitini, mkiongea na mwenye nyumba. Umuulize anawasha nini na kwa muda gani, nani analala na redio ikinguruma, kama ana mpango wa kununua friji na anaona haya kusema. Kisha utoke nje uangalie kivuli cha tangi la jirani kinapita wapi asubuhi na wapi jioni. Halafu ndipo upande. Na kila tundu unalotoboa kwenye bati ujue umeifungulia mvua mlango. Usipoliziba sawasawa, mwenye nyumba atalitaja jina lako kila mawingu yakikusanyika, na si kwa dua.

Mwenzangu wa kazi alikuwa dada mmoja aliyeacha kusuka nywele ili aje kujifunza. Tunamwita Msusi. Ana vidole ambavyo nyaya zinavitii, na ana mdomo usio na likizo. Tulipangwa pamoja tangu mwanzo, mimi nguvu za kubeba paneli, yeye ustadi wa kuunganisha, na kwa muda mrefu nilifikiri hiyo ndiyo sababu anapenda kumalizia kazi zangu.

Shida ilianza kama kichekesho. Kuna kifaa tunakiita kontrola, kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, kinachozuia betri isijae kupita kiasi wala isikauke. Kina taa ndogo inayobadilika rangi kulingana na hali. Siku moja Mama Mkanda alinisimamisha mbele ya darasa akaniuliza taa inasema nini. Nikasema inawaka. Akasema hata kipofu wa jirani angejua kuwa inawaka, yeye anauliza rangi gani. Nikatazama, nikaona rangi ile ile ninayoiona siku zote, nikajibu kijani. Darasa likaangua kicheko, maana ilikuwa nyekundu kama pilipili, wakasema. Nikacheka nao. Nilidhani sikuangalia vizuri.

Kisha tukapelekwa kwenye kazi ya kweli, nyumbani kwa mama mmoja mfuga kuku. Alitaka taa na joto kwa vifaranga vyake, kwa kuwa umeme wa mtaa ulikuwa ukikatika utakavyo wenyewe. Paneli tulizifunga vizuri. Mimi nikatumwa kuunganisha betri kwenye stoo ya chakula cha kuku, mahali penye mwanga hafifu, katikati ya magunia. Waya mwekundu upande wa chanya, mweusi upande wa hasi. Hilo hata Mkazamjomba ukimwelekeza mara moja ataliweza. Nilizishika nyaya mbili mkononi, nikazitazama, nikaona giza moja. Nikachagua. Nilipokaza skrubu ulitoka mlio kama wa karanga kwenye kikaango, kisha moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki iliyoungua. Kontrola ikafa palepale. Mama mwenye kuku alisimama mlangoni akanitazama, akasema pole yangu anaipokea, lakini vifaranga vyake havijui pole ni kitu gani.

Mama Mkanda hakunigombeza mbele ya watu. Alinivuta pembeni, nyuma ya banda, akaisogeza pua yake karibu na uso wangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekunywa?"

Mjomba, pombe siijui ladha yake. Lakini swali hilo nilikuwa nimekwisha kulisikia, miaka yote ya utoto wangu, jikoni na barazani, likiulizwa juu ya mtu mwingine.

Niwie radhi kwa kuligusa. Kisa chako nimekua nikikisikia, kila msemaji akikitia chumvi yake. Kwamba ulikuwa fundi umeme anayegombaniwa mji mzima. Kwamba ulifunga mota mpya kwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine alipoiwasha akashika ubavu wa chuma, umeme ukamrusha hadi ukutani. Alipona, lakini mkono wake wa kulia ulibaki umejikunja. Waliofungua kifuniko walikuta waya wa moto umefungwa mahali pa waya wa ardhi, ule unaoshikana na chuma cha mashine. Wakasema kosa kama hilo mwanafunzi halifanyi, sembuse fundi. Basi fundi alikuwa amelewa. Wewe ambaye hata togwa iliyolala ikachacha huigusi. Hukujitetea, maana wewe mwenyewe hukuelewa mikono yako ilifanya nini. Wakakuita Chupa. Ukamwachia mama koleo zako, ukahama, ukaanza kuziba pancha, na jina likakufuata huko huko. Nimewasikia wateja wakikuita hivyo, nawe ukiitika.

Nilimjibu Mama Mkanda kwamba sijanywa. Akasema basi nimezembea, na uzembe juu ya paa ni ulevi bila chupa. Akanisimamisha kazi za nje.

Aliyenifungua macho, kama naweza kusema hivyo, ni Msusi. Tulikuwa tunafagia karakana. Akaenda kwenye begi lake akatoa mabaki ya nywele za kusukia, vishada vya rangi mbalimbali, akavitandaza juu ya meza akaniambia nivipange, vinavyofanana vikae pamoja. Nilidhani ananitania, nikapanga. Alipoangalia hakucheka, na mtu yule kutocheka ni habari. Nilikuwa nimeweka nyekundu iliyoiva pamoja na nyeusi, na kijani pamoja na kahawia, nikaridhika kabisa. Akaniambia amekuwa akinishuku tangu siku ya taa, na ndiyo sababu alikuwa akipenda kumalizia kazi zangu. Akasema niende kwa daktari wa macho kabla sijajiita mjinga.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye kikohozi. Alinifungulia kitabu cha picha za madoadoa akaniambia ndani ya madoa kuna namba, nisome. Katika ukurasa wa kwanza niliiona. Kurasa zilizofuata niliona madoa matupu, kama mchele uliomwagwa. Nikamwambia vitabu vyake vimechakaa. Akamwita mhudumu aliyekuwa anapita na ndoo, akamwonyesha kurasa zile zile, naye akazisoma namba zote bila hata kuiweka ndoo chini.

Hali hiyo inaitwa upofu wa rangi. Si ugonjwa na haina dawa. Mtu huzaliwa nayo. Mwenye nayo haoni dunia nyeusi na nyeupe kama watu wanavyodhani. Anaona rangi, ila baadhi yake zimeingiliana, na kwa kuwa hajawahi kuona vingine hajui kwamba kuna anachokosa. Kwangu mimi nyekundu ni rangi ya giza, na mahali pasipo na mwanga wa kutosha haina tofauti na nyeusi.

Nilitoka pale nikaenda kumweleza Msusi. Alikuwa na ufumbuzi tayari: ninyamaze. Yeye atakuwa ananitajia rangi kwa kukohoa, mara moja nyekundu, mara mbili nyeusi, mpaka tumalize mtihani. Aliongea kwa wema, na sitakuficha kwamba nililipenda wazo lile. Nilitembea nalo siku kadhaa kama mtu mwenye peremende shavuni. Lakini kila nilipojiona juu ya paa la mtu bila Msusi, niliuona ule mkono uliojikunja. Nikaenda kwa Mama Mkanda.

Ofisi yake ni chumba kidogo, ukuta mzima umetundikwa mikanda ya usalama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, kisha akasema anasikitika, lakini hawezi kumpandisha kwenye nyumba ya watu mtu asiyetofautisha waya wa moto na usio wa moto. Nifungashe vitu vyangu. Nilijibu kwamba nimemsikia, ila kabla sijafungasha nina ombi: anipe kazi ambayo rangi haipo kabisa, aone kama nitashindwa. Nadhani alitaka kukataa. Halafu akavua miwani akasema, "Haya. Usije ukasema nilikufukuza bila kukupima."

Alifunga mtambo mzima ukutani, paneli, kontrola, betri na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, akazizungushia nyaya zote tepu nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna rangi, hakuna alama. Nilichukua mita ya kupimia umeme. Kila waya niliupima kwanza, nikaupa kibandiko chenye herufi, nikaupima tena, ndipo nikaufunga. Nilikwenda polepole hadi wenzangu wakaenda kula wakarudi. Nilipokuwa nimekwisha kuweka vibandiko alinituma nje nikalete ngazi, na niliporudi nikaendelea kupima kabla ya kukaza. Mita ikakataa. Mama Mkanda alikuwa amebadilisha vibandiko viwili nikiwa nje. Nilimgeukia nikamwambia kuna mtu ameingia humu ndani. Hakutabasamu, ila alivaa miwani yake.

Kesho yake aliwapa darasa zima jaribio lile lile, na kadhaa wenye macho yao mazuri waliunganisha kinyume kwa kubahatisha. Tangu hapo ni sheria chuoni kwetu: rangi ni uvumi, mita ndiyo shahidi. Nilirudi kwa mama mwenye kuku na kontrola nyingine, nikaifunga mimi mwenyewe, Msusi akiwa amekaa juu ya gunia na midomo ameibana kwa amri. Taa ziliwaka. Yule mama akasema vifaranga vinashukuru, lakini yeye bado anafikiria.

Sitaki udhani mambo yamekuwa mteremko. Cheti nimepata, na Mama Mkanda ameandika hali yangu waziwazi, pamoja na kwamba kazi zenye nyaya za rangi nyingi nisizikamilishe bila mtu wa pili kukagua. Kampuni ya kwanza niliyoomba ilisoma mstari huo ikanirudishia karatasi kabla sijakalia kiti. Ya pili imetuchukua mimi na Msusi kwa majaribio, na msimamizi bado ananitazama kama paka anavyotazama maji. Anitazame tu. Nitapima mara mbili kile ambacho wengine wanapima mara moja, na nitakuwa wa mwisho kushuka kwenye paa. Kazi hii siiachi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa natoka kwa daktari aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: mama yangu ana ndugu wa kiume? Nikasema anaye mmoja. Akaniuliza ndugu huyo anafanya kazi gani. Akanieleza kwamba hali hii mama huibeba yeye mwenyewe akiona rangi zote bila tabu, akawarithisha baadhi ya watoto wake wa kiume. Na mama naye mara nyingi huwa ameipata kwa mama yake. Bibi aliyemzaa mama ndiye aliyekuzaa wewe.

Mjomba, unapokwenda shambani kuchuma nyanya, unazibonyeza moja moja. Hujawahi kuchuma kwa kutazama. Mama ametucheka sisi wawili kwa hilo maisha yake yote. Na sweta uliyomletea siku aliyojifungua mdogo wangu, uliyoapa kwamba ni ya kahawia kama alivyokuagiza, ilikuwa kijani kibichi; ameitunza mpaka leo.

Nilimuuliza Mama Mkanda kuhusu nyaya za zamani. Akaniambia kuwa enzi hizo waya wa moto ulikuwa mwekundu na waya wa ardhi ulikuwa kijani kitupu. Baadaye zikabadilishwa, wa ardhi ukapewa mistari ya njano, wa moto ukawa kahawia, na sababu mojawapo ni kwamba wanaume wengi walikuwa hawazitofautishi nyekundu na kijani. Walibadilisha waya kwa ajili ya watu kama sisi, Mjomba, na hakuna aliyekuja kukwambia.

Sisemi nina hakika. Daktari amenionya nisiseme hivyo kabla hujapimwa. Lakini mimi nimezishika nyaya mbili nikaona moja, na najua ulichokiona siku ile ndani ya kifuniko cha mota.

Nimefanya jambo bila ruhusa yako, na hili ndilo ninaloliogopa. Nilipokwenda nyumbani kumwonyesha mama cheti, nilimweleza. Aliacha kukuna nazi. Alisema yeye dada yako mkubwa alitakiwa kuwa mtu wa mwisho kuamini maneno ya mji, na aliamini kabla jioni haijafika. Sasa anataka kuja kwako, na amezitoa zile koleo akazipaka mafuta.

Kisha nikaenda kwa mwenye mashine. Ni mzee sasa, anasagisha kwa mkono wa kushoto. Alinisikiliza mashine ikiwa imezimwa. Akasema mkono wake haujui habari za macho ya mtu, na sitakupunguzia neno hilo. Kisha akasema kwamba siku ile mlikunywa chai pamoja asubuhi, na pombe hakuisikia kwako; lakini alikuwa na maumivu, watu wakamletea sababu, akaipokea. Alisema jina lile halitatoka tena kinywani mwake. Akaniuliza kwa nini hukuja hata siku moja kumpa pole. Nikamwambia jibu hilo ni lako. Anasema anakungoja ulilete mwenyewe.

Daktari yupo siku zote za kazi. Nimemwambia habari zako, na chumba changu kina godoro la pili. Ukitaka kupimwa, njoo. Usipotaka, sitakulazimisha, na bado nitakuwa mpwa wako. Ila naomba kitu kimoja ambacho hakihitaji daktari: mteja akija akaita Chupa, endelea kuziba pancha yako. Mwache aite mpaka akumbuke jina ulilopewa na wazazi wako.

Nisalimie Mkazamjomba, mwambie ule mkono wa kwaheri ulinifikisha. Wasalimie binamu zangu wote, na siku binti yako atakapokuzalia mjukuu wa kiume, mpime kwa nyanya kabla hajafika shuleni. Mama anakusalimu kuliko salamu zangu zote. Msusi naye anasalimia, ingawa hamjuani.

Wasalaam, ni mimi mpwa wako,
fundi sola.